Mhadhiri wa Kwetu na Kazi Isiyoandikwa

Vyuo vikuu vya Tanzania hufunguliwa Oktoba na Novemba, na huo ndio msimu ambao simu ya mhadhiri wa Kipemba aliyeko Dar es Salaam, Dodoma au Morogoro haitulii. Anayepiga mara nyingi si mwanafunzi mwenyewe. Ni baba yake, au ami yake, au maalim aliyemsomesha kidato cha sita, na pengine ni mtu asiyejuana kabisa na mhadhiri huyo, ila namba kaipata kwa mtu wa Wingwi aliyeipata kwa mtu wa Ole. "Shikamoo Maalim. Kuna kijana wetu kachaguliwa hapo kwenu, na hana mtu." Hapo mazungumzo yamekwisha, kwa sababu baada ya maneno hayo hakuna Mpemba anayeweza kusema hapana. Kijana atapokewa bandarini au stendi, atalala sebuleni siku mbili tatu, ataoneshwa pa kujisajili na benki ya kufungulia akaunti. Ataelezwa pia kwamba jina lake likipishana herufi moja baina ya cheti cha kuzaliwa na cheti cha kidato cha nne, mkopo wake utakwama.

Kazi hii haimo katika mkataba wa mhadhiri, haimo katika ratiba yake, wala haimo katika fomu anayoijaza akiomba kupanda cheo. Kwa macho yangu imewabakisha chuoni vijana wengi wa kisiwa hiki cha Pemba ambao wangerudi nyumbani muhula wa kwanza. Naiheshimu. Lakini nadhani tumekosea kuiacha miaka yote hii iwe hisani ya mtu mmoja mmoja, na sababu zake ni nzito kuliko uchovu wa wahadhiri peke yake.

Wenzetu wa Marekani na Uingereza wana mjadala mkubwa kuhusu jambo linalofanana na hili. Kwao linakwenda kwa rangi: mwanafunzi mweusi, au mwenye asili ya Mexico au ya wenyeji wa kale wa Amerika, anaingia chuo ambacho karibu wahadhiri wote ni weupe, na wale wachache wasio weupe ndio wanaobeba mzigo wa kumshika mkono. Mwaka 1994 mwanasaikolojia Amado Padilla wa Chuo Kikuu cha Stanford aliupa mzigo huo jina, kodi ya kitamaduni. Mhadhiri wa jamii iliyo ndogo chuoni anaitwa katika kila kamati inayozungumzia ubaguzi, anapelekewa kila mwanafunzi wa jamii yake aliyepatwa na tatizo, anatakiwa kuwa sura ya chuo kwenye kila hafla, kisha mwisho wa mwaka anaulizwa kwa nini hakuchapisha makala za kutosha. Ni kodi kwa maana kwamba wenzake hawailipi.

Na faida yake kwa mwanafunzi imepimwa. Wachumi Robert Fairlie, Florian Hoffmann na Philip Oreopoulos walichunguza kumbukumbu za wanafunzi wa Chuo cha De Anza, California, wakachapisha matokeo yao mwaka 2014. Waliona kwamba pengo la kuacha somo katikati na la alama, baina ya wanafunzi weupe na wale wa jamii zenye uwakilishi mdogo, lilipungua kwa asilimia 20 hadi 50 pale somo lilipofundishwa na mhadhiri aliyetoka katika jamii hizo. Somo ni lile lile na chuo ni kile kile. Kilichobadilika ni nani amesimama mbele.

Sisi rangi haitutofautishi hivyo. Mpemba akikaa katika ukumbi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam baina ya Mhaya na Mmakonde, hakuna jicho linalomchagua kwa ngozi. Huchaguliwa anapofungua mdomo, au jina lake linaposomwa, Faki, Shaame au Kombo, au anaposema kwao ni Micheweni. Hapo watu hudhani wameshajua chama chake, biashara ya ndugu zake Kariakoo, na ubishi wake. Mengi katika hayo ni maskhara, na Mpemba naye hujua kuyarudisha. Ila maskhara yakiwa ndiyo salamu ya kwanza ya kila siku, kijana wa miaka 19 hujifunza kunyamaza.

Historia iliyotufikisha hapa ina majina na tarehe. Serikali ya Mapinduzi ilitangaza elimu bila malipo tarehe 23 Septemba 1964, na hilo ni jambo ambalo mzazi wa Pemba, awe wa chama gani, hakulikataa. Tatizo lilikuwa juu zaidi. Nafasi za sekondari zilikuwa chache, na katika utawala wa Mzee Karume zikaja kugawiwa kwa asili ya mtu: Mwafrika, Mwarabu, Mhindi, Mngazija, kila mmoja na fungu lake. Kwa Pemba mgawo huo ulikuwa na ugumu wake, kwa sababu hapa Mwarabu na Mswahili walikuwa wameoana na kulima mikarafuu mpaka kwa mpaka vizazi kadhaa, na nyumba moja iliweza kutoa watoto wawili wakaandikwa mafungu mawili. Karafuu zenyewe, ambazo sehemu kubwa inatoka kisiwa hiki, ziliijaza hazina ya serikali. Skuli nyingi za juu zilibaki Unguja, ng'ambo ya mkondo.

Maisha ya mwanasiasa Maalim Seif Sharif Hamad yanaonesha kwa karibu mlango huo ulivyokuwa. Alizaliwa mwaka 1943 Mtambwe, akamaliza kidato cha sita mjini Unguja mwaka 1963. Mapinduzi yakaja, wafanyakazi wa Kiingereza wakaondoka, na serikali ikawataka vijana waliosoma wajaze nafasi. Yeye akawekwa kufundisha katika skuli za Lumumba na Fidel Castro, hii ya pili ikiwa hapa Pemba. Chuo kikuu alikipata mwaka 1972, akamaliza Dar es Salaam mwaka 1975 kwa daraja la kwanza katika sayansi ya siasa. Miaka baina ya 1963 na 1972 inafaa kuangaliwa vizuri. Ni umri mzima wa ujana, na huyu alikuwa mwanafunzi hodari. Wasiokuwa hodari kiasi chake hawakufika kabisa.

Mwaka 1977 akawa Waziri wa Elimu wa Zanzibar, akakaa hapo hadi 1980. Wapemba wengi wa umri wa wazazi wangu humhesabia miaka hiyo kuwa ndipo watoto wa kisiwa walipoanza kuonekana kwa wingi kwenye orodha za masomo ya juu. Wasiompenda walisema anawapendelea watu wa kwao, na lawama hiyo ilimfuata hadi alipofariki Februari 2021. Sitaki kuamua kesi hiyo hapa. Nataka msomaji aone jinsi kazi ya kumwinua aliyeachwa nyuma, ikifanywa na mtu wa kwao, inavyoitwa upendeleo hata pale inapofanywa kwa haki. Kila mhadhiri wa Kipemba leo, akimshika mkono kijana mmoja wa Kojani, anatembea na kivuli cha lawama hiyo.

Kivuli kilizidi baada ya uchaguzi wa 1995. Watumishi wengi wa serikali wenye asili ya Pemba waliondolewa kazini au kuhamishwa, na ofisi za Unguja zikawa pahala ambapo Mpemba aliyebaki alijifunza kutojulikana sana. Januari 2001 polisi waliwapiga risasi waandamanaji wa upinzani, na watu kama elfu mbili wakakimbilia Shimoni, Kenya. Fikiria maana yake kwa mwanafunzi wa wakati ule. Yule mtu mzima ambaye angemwendea alikuwa amefukuzwa, au alikuwepo lakini akiogopa kuonekana na kundi la vijana wa kwao mlangoni kwake. Msaada haukukoma. Uliingia ndani, ukawa wa jioni, wa nyumbani, wa kwa simu, pasipo barua wala saini. Naamini tabia hiyo ya kusaidia kimyakimya tumeirithi kutoka miaka ile, na tumeendelea nayo hata baada ya maridhiano ya kisiasa ya Novemba 2009, kura ya maoni ya Julai 2010, na baada ya Dk. Ali Mohamed Shein, mzaliwa wa Chokocho hapa Pemba na mwanasayansi aliyepata shahada ya uzamivu Uingereza, kuwa Rais wa Zanzibar mwaka huo huo. Kwa cheo chake akawa pia Mkuu wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA. Mpemba alikuwa juu kabisa ya chuo, na mhadhiri wa Kipemba bado alikuwa akimpokea mgeni wake usiku.

Mwanafunzi wa Pemba hukwama wapi hasa? Watu husema fedha, na ni kweli kwamba tafiti za bajeti ya kaya zimeonesha mara kwa mara umaskini wa Pemba kuwa mkubwa kuliko wa Unguja. Lakini fedha humuumiza mtu kwa namna ya pekee zinapochelewa. Mkopo uwe wa Bodi ya Zanzibar au ule wa Bodi ya Muungano, bumu, yaani fedha ya kujikimu, halitoki siku kijana anaposhuka botini, na wiki zile za mwanzo ndizo anazohitaji godoro, nauli na chakula. Mwenzake wa Kibaha anarudi kwao Ijumaa kula. Wa Konde ana gari hadi Mkoani, boti hadi Unguja, na boti nyingine hadi Dar es Salaam. Bahari hii nayo wazazi hawaisahau. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 MV Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikiwa safarini kuja Pemba, ikiwa imejaza watu kupita kiasi, na tangu hapo mzee akimwambia mwanawe abaki huko huko likizo ndogo, hakuna anayemwita mwoga. Kijana anabaki, na pa kubaki ni kwa mhadhiri.

Kikwazo ambacho ofisi haikioni ni kimya. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya 2006 iliamua hisabati na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano, na skuli nyingi za shamba hazikuwa na walimu wa kuimudu. Kijana anafika chuoni akiisoma lugha hiyo vizuri kwa macho, na ulimi wake ukiwa mzito. Juu ya hapo amelelewa kwamba mtoto hamkatizi mtu mzima, haulizi swali mbele za watu kama kwamba anamjaribu maalim wake, na akiulizwa "umefahamu?" hujibu ndiyo kwa adabu. Mhadhiri asiyemjua anaona uvivu au uzito wa akili. Mhadhiri wa kwao anasikia ile "ndiyo" na kujua kwamba hakufahamu hata kidogo, akamwita pembeni baada ya kipindi. Wiki ya nane kijana amepata alama za kazi ya muhula. Bila ya kuitwa pembeni angeingia kwenye sapu mbili, tatu, yaani mitihani ya marudio, na mwaka ukiisha angedisko, kama wanavyosema wenyewe wakiondolewa masomoni, na huko kijijini ingesemwa kwamba chuo kilimshinda.

Hapo ndipo penye thamani ya mhadhiri wa kwenu. Anaitambua dalili kabla haijawa tatizo la kuandikiwa barua. Sidhani ni suala la damu. Mtu yeyote aliyewahi kuelezwa anaweza kuitambua. Ila mpaka sasa hakuna chuo ninachokijua kilichokaa na wahadhiri wake wa Kagera au Ruvuma kikawaeleza.

Sasa upande wa lawama.

Msaada wa simu unamfikia anayeweza kupigiwa simu. Kijana ambaye ami yake hana namba ya mtu wa Wingwi, ambaye mama yake ni mjane wa kuokota chaza, ndiye aliyehitaji zaidi na ndiye anayekosa. Tumejenga mfumo unaowainua wenye ukoo mpana, tukauita mshikamano wa Wapemba.

Tena msaada wa kiukoo huja na macho. Mzazi akisema "nimekukabidhi mwanangu", anakabidhi na ulinzi. Mhadhiri anatakiwa ajue binti anatoka na nani, amevaaje, amerudi saa ngapi dahalia, kijana anasali wapi na anazungumza siasa gani. Nimesikia wasichana wakisema wazi kwamba hawataki kujulikana na mhadhiri wa Kipemba chuoni kwao, kwa sababu habari zitatangulia kufika Wete kabla yao. Siwalaumu. Mtu hawezi kuwa mshauri wako na mpelelezi wa nyumbani kwenu kwa wakati mmoja. Wahadhiri wanawake hubeba sehemu kubwa ya uzito huu, kwani wao ndio wanaokabidhiwa mabinti, na binti akichelewa kuolewa kwa ajili ya shahada ya pili, simu ya lawama inakuja kwao.

Halafu kuna mtihani. Yule aliyelala sebuleni kwako Oktoba, Februari unasahihisha karatasi yake. Karatasi zina namba badala ya majina, na hilo ni salama ya wote wawili, lakini mradi au tasnifu haina namba, na mwandiko wa mtu uliyemfundisha kujaza fomu unaujua. Wengi ninaowaheshimu hujitoa mapema: humpeleka kijana kwa mwenzao amsimamie, wao wakabaki kuwa wenyeji tu. Hiyo ni busara yao binafsi. Hakuna kanuni inayowaelekeza, na asiyekuwa na busara hiyo hakuna wa kumzuia.

Kuna mfano mmoja wa hapa hapa kwetu ambao naona wahadhiri wetu hawajautumia. Profesa Haroub Othman, Mzanzibari aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka mingi hadi kifo chake Juni 2009, alikuwa aina ya mtu ambaye kila mwenye shida ya sheria angeweza kumwendea. Angeweza kuwa anawajibu mmoja mmoja maisha yake yote. Mwaka 1992 yeye na wenzake, Profesa Issa Shivji akiwemo, walianzisha Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, nacho kikafungua ofisi Chake Chake. Mjane wa Kengeja mwenye mgogoro wa shamba hahitaji tena kumjua profesa wala kuwa na ami aliye na namba. Anaingia mlangoni.

Elimu ya juu ya Pemba inahitaji mlango wa namna hiyo. SUZA imeleta kampasi Mchangamdogo, na huo ni msaada mkubwa kwa binti ambaye baba yake hakubali avuke maji, lakini kozi nyingi bado ziko Tunguu na kampasi nyingine za Unguja, na anayetaka udaktari wa mifugo bado anavuka mara mbili. Kinachowezekana kesho, bila ya jengo jipya, ni kwamba mara nafasi za vyuo zinapotangazwa, Bodi zote mbili, mabenki na maofisa udahili wa vyuo vikubwa wakae wiki moja Chake Chake na wiki moja Wete. Herufi ya jina iliyopishana isahihishwe hapa, ambapo sheha na ofisi ya vizazi na vifo ziko umbali wa nauli ya gari ya abiria. Kijana apande boti karatasi zake zimekamilika, akiwa na jina la ofisi anayokwenda, na ofisi hiyo ikiwa na orodha yenye jina lake. Godoro la wiki tatu za mwanzo liwe la chuo.

Wahadhiri wa kisiwa hiki wasitolewe katika kazi hiyo. Walipwe kwayo. Namna ya kulipa ipo: saa za ulezi ziandikwe katika mgawanyo wa kazi sawa na saa za mihadhara, na muundo wa utumishi wa wanataaluma uzihesabu katika kupanda cheo pamoja na machapisho. Kazi ikiandikwa itakuwa na mipaka, kwa maana mlezi atajua anachoruhusiwa kumwambia mzazi na asichoruhusiwa. Itakaguliwa. Na mhadhiri wa Kihehe atapangiwa naye vijana watatu wa Pemba, kama vile wa Pemba atakavyopangiwa wa Iringa, na atapaswa kujua kwamba "ndiyo" ya adabu si jibu.

Najua watakaosema kwamba ukiiandika kazi hii utaiua, kwamba ukarimu wa Mpemba haukai kwenye fomu. Waliosema hivyo kwangu wote walikuwa wanaume wenye vyeo vyao tayari. Sijamsikia mhadhiri msaidizi mwenye watoto wadogo wawili, wageni watatu sebuleni na makala iliyokwama tangu mwaka juzi akiusifu ukarimu huo kwa nguvu kiasi hicho.

Kamati za kupandisha vyeo zina uhuru wa kuanza na jambo dogo bila ya kungoja sheria: ukurasa mmoja wa nyongeza katika faili, ambapo mwombaji anaeleza amewalea wanafunzi gani, kwa muda gani, na walifikia wapi. Uwepo kwa kila mwombaji. Mhadhiri wa Mafia atakuwa na la kuandika, wa Ukerewe pia, na Mmaasai wa kwanza wa idara yake huenda akaomba ukurasa wa pili.